Umeficha Jiokashi Ushago na Unaishi Nairobi? Hivi Ndivyo Utaitunza Bila Kuzua Kisirani Kijijini

Simu iliingia Jumanne asubuhi nikiwa kwa mat, tumekwama kwa jam ya Thika Road. Ni mathe alikuwa anapiga kutoka Ekalakala. Hakusalimia.

"Wewe, ulizika nini kwa mpaka wa jirani?"

"Sijazika kitu, Mwaitu."

"Basi kuja uwaambie hivyo. Kuna kamkebe kametolewa chini ya mawe, kana nyuzi nyekundu na karatasi yenye majina ya watu. Wanasema ni kamuti."

Wasee wa Ukambani washaelewa. Kwa wengine wote: kamuti ni ile dawa ya kienyeji ambayo watu husema inaweza kumfunga mtu, kumvuta ama kumharibia mambo yake. Na ukikaa chini ufikirie, mkebe uliozungushiwa teipu nyeusi, umefichwa kwa mpaka wa shamba, ndani kuna bangili ya nyuzi nyekundu na orodha ya majina. Hata mimi ningekimbia.

Lakini haikuwa kamuti. Ilikuwa jiokashi yangu. Niliificha Disemba nikiwa ushago, nikarudi Kanairo, nikaingia kwa hasola zangu, na mkebe ukabaki pale peke yake kama mtoto ameachwa stage. Hii makala ni ya wewe unayetaka kucheza huu mchezo lakini unaishi mbali na pale umeficha. Isome kabla mathe wako pia akupigie simu.

Jiokashi ni nini hasa?

Kwa Kiingereza inaandikwa geocache, sisi hapa tutaiita jiokashi. Ni mchezo wa kusaka hazina kwa kutumia GPS. Msee anaficha mkebe mahali, anachukua namba za mahali hapo, anaziweka kwa tovuti ama apu. Wengine wanafuata namba na simu zao hadi wafike, wanatafuta, wakipata wanaandika jina na tarehe kwa kadaftari kalicho ndani, kisha wanarudisha mkebe pale pale walipoutoa. Kama kuna vitu vidogo vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaacha kingine chenye thamani kama hiyo ama zaidi. Hakuna pesa ya kushinda. Raha ni kutafuta, na kufika mahali hungewahi kufika.

Mchezo ulianza hivi. Usiku wa kuingia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani ilizima ule uchakachuaji wa makusudi uliokuwa unafanya GPS ya raia ikosee kwa hadi mita 100 hivi. Kesho yake, tarehe 3 Mei, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, na akatangaza namba zake kwa intaneti. Ndani aliweka vitu kama vitabu, kanda za video, manati na mkebe wa maharagwe. Ndani ya siku chache ilikuwa imepatikana. Septemba mwaka huo huo, Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com, na leo kuna jiokashi zaidi ya milioni 3 duniani kote, Kenya ikiwemo.

Chekesho ni kwamba ile ndoo ya kwanza haingepita leo. Sheria za sasa zinakataa chakula ndani ya mkebe, zinakataa pombe, dawa, visu na chochote cha kulipuka, na zinakataa kuchimba shimo ili ufiche bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Kwa nini kuishi mbali ni shida?

Kwa sababu kuficha ni dakika kumi, kutunza ni miaka. Ukiomba jiokashi yako itangazwe, kuna mkaguzi wa kujitolea anayeipitia kwanza. Anaangalia kama iko angalau mita 161 kutoka kwa mkebe mwingine. Anaangalia kama umepanga ikae, si ya wiki moja, maana inatakiwa idumu angalau miezi mitatu. Na anaangalia kitu ambacho wengi huanguka nacho: kama unaweza kufika pale ikiharibika.

Ndiyo maana mtalii anayekuja Kenya wiki mbili, akafiche mkebe Diani na kurudi kwao, mara nyingi ananyimwa. Wewe mwenye ushago uko na bahati kidogo, kwa sababu unarudi. Mimi mwenyewe hurudi Oktoba kupanda ndengu kabla ya mvua, narudi krisi, narudi tena Februari kuvuna. Lakini kati ya Februari na Oktoba kuna miezi saba na nusu hivi. Hapo ndipo mambo huharibika. Mkaguzi atakuuliza: hiyo miezi nani ataangalia? Kama huna jina la mtu, huna jibu.

Ukifikiria, hilo swali si la mkaguzi tu. Ni la kijiji pia.

Kwanza ruhusa, si baadaye

Hapa ndipo nilikosea, na nitasema wazi ndiyo wewe usirudie. Mimi niliona mawe mazuri kwa mpaka, nikaona ni mahali pa wazi, nikajiambia si shamba la mtu ni mpaka tu. Wacha nikwambie, Ukambani hakuna kitu kinaitwa mpaka tu. Mpaka uko na historia. Huyo jirani wetu alikuwa na kesi ya ardhi na watu wa upande wa marehemu mumewe, na alikuwa anangoja siku yeyote mabaya yaje kutoka upande huo. Halafu mtoi wake akichunga mbuzi akapata mkebe wenye majina matatu asiyoyajua. Yalikuwa majina ya wasee waliotoka Nairobi kuitafuta. Yeye atajuaje?

Kwa hivyo, utaratibu ni huu:

- Shamba la mtu: mwone mwenyewe, uso kwa uso. Si kwa kutuma salamu. Mwonyeshe mkebe ukiwa wazi, mwonyeshe daftari, mwambie watu wasiowajua watakuwa wanapita. Akisema hapana, ni hapana.
- Shamba la familia: usidhani ni lako kwa sababu ni la babu. Waambie wazee wa boma. Kama susu yako ndiye anakaa hapo, yeye ndiye mwenye neno la mwisho.
- Mahali pa umma: pitia kwa mzee wa kijiji ama nyumba kumi, kisha kwa chifu. Waachie namba yako ya simu.
- Mbuga na hifadhi za wanyama: huko lazima uwe na idhini ya wanaosimamia, iwe ni KWS ama kaunti. Usijaribu kuficha kimya kimya.

Na kuna mahali huombi ruhusa kwa sababu hufai hata kufikiria. Kenya imepitia Westgate Septemba 2013, Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, na DusitD2 Januari 2019. Mkebe uliofungwa teipu na hauna mwenyewe si mchezo kwa karao yeyote nchini. Kaa mbali na shule, kanisa, msikiti, soko, stage, kituo cha polisi, daraja, na mitambo ya stima. Usitumie mikebe inayofanana na ya jeshi, hata kama umeona Wazungu kwa YouTube wakiisifu. Huko kwao inauzwa madukani. Hapa itakupa maswali mengi.

Mlezi: huyu ndiye mchezo wenyewe

Kama utakumbuka neno moja kwa hii makala, likumbuke hili: mlezi. Ni mtu anayeishi karibu, anajua mkebe uko wapi, na amekubali kuuangalia. Ukiwa naye, mkaguzi atakuwa na cha kuandika, na kijiji kitakuwa na mtu wa kuuliza. Bila yeye, una takataka iliyofichwa vizuri.

Nani anafaa? Si lazima awe anapenda mchezo. Mimi sasa niko na mjomba wangu, na sidhani hata siku moja ataingia kwa hiyo apu. Lakini anapita pale kila siku akipeleka ng'ombe maji, na anaheshimika. Akisema "hiyo ni ya kijana wetu, ni mchezo wa simu", watu wanamwamini. Mtoto wa darasa la saba anaweza kufurahia zaidi, lakini mtoto hawezi kukutetea kwa baraza.

Mpatie mlezi vitu vitano:

1. Onyesho. Nenda naye hadi mahali, afungue, aandike jina lake kwa daftari akiwa wa kwanza. Jina la mtu anayejulikana kwa ukurasa wa kwanza linatuliza roho za watu.
2. Mkebe wa akiba, daftari la akiba na penseli mbili. Viwe kwake nyumbani.
3. Maagizo mafupi: ukiona umepasuka, badilisha. Ukiona umepotea, nipigie. Ukiona watu wanaugombania, utoe kabisa, hatutajadili.
4. Kredo. Usimfanye mzee atumie pesa yake kukuletea habari. Mtumie ya kupiga simu na bando ya kutuma picha kwa WhatsApp mara moja kwa mwezi.
5. Shukrani. Ukija Disemba usije mikono mitupu. Sukari, majani, chochote. Hii si mshahara, ni adabu.

Na usimfiche chochote. Mlezi akiulizwa swali asilolijua, anabaki kama mshukiwa badala ya shahidi.

Mkebe wa kuvumilia jua la Masinga

Ekalakala ni moja ya wadi tano za Masinga, kaunti ya Machakos. Ni nchi kavu, ya miti ya miiba na maembe, na jua halina huruma. Plastiki nyembamba inapasuka. Kalamu ya wino inakauka. Gundi ya teipu inayeyuka na kushika vumbi. Mchwa wanakula karatasi ukiwapa mwanya mdogo tu.

Kilichonifanyia kazi ni mkebe mnene wa plastiki wa kubebea lanchi, ule wenye vibano pande zote nne na mpira ndani ya kifuniko. Utoe hapo dukani, ufunge karatasi kavu ndani, uuzamishe kwa ndoo ya maji dakika kumi. Karatasi ikitoka na unyevu, rudi utafute mwingine. Usitumie mkebe uliokuwa na siagi ya karanga ama asali. Hata ukiuosha mara tatu, siafu watajua, na nyani wakishajua ndiyo kwisha.

Kuhusu mifuko: kwa nchi nyingi daftari huwekwa kwa kamfuko ka plastiki ka kufunga. Hapa Kenya, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo usijiingize kwa hiyo. Tumia kichupa kidogo cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha ndani ya mkebe mkubwa. Daftari likae humo. Ongeza vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Andika kwa penseli, maana penseli haikauki wala haisambai ikipata maji.

Rangi? Si nyeusi. Na si kuzungushia teipu kama kifurushi cha mambo mabaya. Mkebe ukiwa unaonyesha ndani, mtu anaona daftari na penseli kabla hajaufungua, na hofu inapungua nusu.

Halafu lebo. Juu na ndani. Andika kwa Kiswahili na kwa Kikamba, si kwa Kiingereza peke yake: huu ni mchezo wa kutafuta kwa simu, hakuna kitu kibaya hapa, mwenye shamba anajua, ukiwa na swali piga namba hii. Weka namba yako na ya mlezi, kama amekubali. Lebo ya Kiingereza kijijini ni kama kutoweka lebo. Yangu ilikuwa ya Kiingereza.

Chagua mahali ambapo patakuwepo ukirudi

Watu wengi wakija pande za Masinga wanataka kuficha karibu na maji. Naelewa. Bwawa la Masinga lilimalizika 1981 kwa Mto Tana, ndilo la juu kabisa kwa yale mabwawa ya stima ya Tana, na likijaa uso wake unafika kilomita mraba 120 hivi. Jua likizama pale ni noma.

Shida ni kwamba ufuo wa Masinga hautulii. Mwaka wa 2009, wakati wa ukame, maji yalishuka hadi mitambo ya stima ya Masinga ikazimwa. Halafu 2018, 2020 na 2024 mvua ilikuja bwawa likajaa hadi likamwagika. Hiyo ni tofauti kubwa sana ya maji. Ukificha Februari mahali unaona ni mbali na maji, Mei unaweza kupata mkebe wako umekuwa mali ya samaki. Na usisahau viboko na mamba ndio wenyeji wa huko. Mtu akifuata simu yake macho chini jioni, kandokando ya maji, hajui anaelekea kwa nani. Ukuta wa bwawa nao ni eneo la ulinzi, usikaribie na mkebe.

Kanuni yangu: juu ya mahali maji yamewahi kufika, nje ya njia ya mifugo, mbali na korongo. Korongo kavu la mchanga linaonekana poa Agosti. Novemba linabeba mawe, sembuse mkebe. Tena wachota mchanga huhamisha kingo, na wachoma makaa huhamisha miti. Usifunge mkebe kwa mti ambao mtu anauona kama gunia mbili za makaa.

Mahali pazuri ni shimo la kawaida kwenye mwamba mkubwa, ama kati ya mizizi ya mti wa boma ambao hakuna mtu ataukata. Chukua namba za GPS mara nne ama tano kwa nyakati tofauti, utafute wastani. Simu hukosea mita kadhaa, na chini ya matawi hukosea zaidi. Namba mbaya zinafanya watu wapekue shamba lote, na wewe hauko pale kuomba msamaha.

Kalenda ya msee anayeishi mbali

*Oktoba.* Ukienda kupanda, pitia mkebe kabla mvua ianze. Badilisha mpira wa kifuniko kama umelegea. Mvua za Oktoba hadi Disemba ndizo za kutegemewa Ukambani, na ndizo za kuua daftari.

*Disemba.* Ushago imejaa, watu wote wamerudi. Huu ndio wakati wa kuonana na mwenye shamba, mzee wa kijiji na mlezi. Pia ndio wakati wageni wanatafuta sana, kwa hivyo pitia baada ya krisi, si kabla tu.

*Februari.* Ukivuna, toa daftari lililojaa, weka jipya, piga picha ya kurasa zote. Hii ndiyo ziara muhimu kuliko zote, kwa sababu baada ya hapa unapotea miezi mingi. Ukiwa na shaka na kitu chochote, kibadilishe leo.

*Machi hadi Mei.* Mvua ya masika. Mlezi aangalie mara moja mvua ikipungua. Barabara za udongo zinaweza kukataa, kwa hivyo andika kwa ukurasa wa jiokashi kwamba huu si msimu wa gari ndogo.

*Juni hadi Septemba.* Kiangazi. Nyasi inaisha na mkebe unaonekana. Mbuzi wanaenda mbali, na Agosti watoto wako nyumbani wamefunga shule. Mkebe wangu ulipatikana Agosti. Mwambie mlezi aongeze mawe, na kama hawezi, izime kwa muda hadi urudi.

Kazi ya kufanya ukiwa Nairobi

Kutunza si kufika tu. Kuna nusu ya kazi inafanywa na simu. Washa arifa, ili mtu akiandika kwa ukurasa wako ujue siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akisema hakuipata, inaweza kuwa ni macho yake. Wawili wakifuatana, piga simu kwa mlezi. Mtu akiomba mwenye mkebe aiangalie, usijibu "nitaangalia Disemba" na ikiwa ni Mei.

Kama huwezi kuthibitisha iko sawa, izime kwa muda. Kuzima si aibu. Ni kumwambia msee wa Nairobi asichome nauli ya kwenda Thika, ashike barabara ya Garissa, akate kuingia Masinga, apigwe na jua masaa matatu, arudi bila kitu. Mlezi akishatengeneza na kukutumia picha, andika kwamba imetunzwa, iwashe tena.

Ukinyamaza, mkaguzi ataizima yeye mwenyewe na kukupa muda, mara nyingi kama mwezi mmoja. Ukizidi kunyamaza, ataifunga kabisa, na jiokashi iliyofungwa kwa kukosa kutunzwa kwa kawaida hairudishwi. Na hapo watu hukosea kitu kingine: wanadhani ikifungwa kwa tovuti imeisha. Mkebe bado uko chini ya mawe. Sasa hauna hata ukurasa wa kueleza ni nini. Kwa hivyo ukifunga, mtu aende autoe.

Mwisho, usikubali mtu aliyeikosa aweke mkebe wake mpya hapo "kukusaidia". Utaishia na mikebe miwili, na mmoja kati yake hakuna anayeujua kijijini.

Na kama huwezi?

Kuna njia tatu za heshima.

Ya kwanza ni kumpa mtu mwingine. Tovuti inaruhusu jiokashi ihamishwe kwa mchezaji mwingine akikubali. Kama kuna msee anakaa Matuu ama Thika na anapita huko, mpatie. Lakini mpeleke kwa mwenye shamba pia, maana ruhusa ulipewa wewe.

Ya pili ni kucheza bila mkebe. Kuna aina inaitwa EarthCache, iliyoanzishwa pamoja na Geological Society of America mwaka wa 2004. Huachi kitu chochote chini. Unawaleta watu mahali penye somo la miamba ama ardhi, wanajibu maswali kwa kutazama. Machakos imejaa mahali kama hapo. Angalia ukingo wa Yatta tu: ni lava ya zamani iliyotiririka karibu kilomita 300, moja ya ndefu zaidi duniani. Bado utahitaji ruhusa ya kufika na bado utajibu ujumbe wa watu, lakini hakuna mkebe wa kumtisha mtu.

Ya tatu ni kutoa mkebe, kufunga ukurasa, na kungoja hadi maisha yako yakae. Hakuna mtu atakucheka.

Ile yangu iliishaje

Nilisafiri wikendi hiyo. Nilikuta mkebe ushachomwa, na daftari ndani yake. Watu walikuwa wameombea mahali. Niliketi na yule mama kwa jikoni yake, mathe akiwa pembeni, nikafungua apu nikamwonyesha ramani, nikamwonyesha picha niliyopiga Disemba, na yale majina matatu, kila moja na ujumbe wake wa "asante kwa matembezi mazuri". Aliangalia kwa muda mrefu.

Akaniuliza kitu kimoja. "Na mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa kwa hiyo boma mara ngapi nikiwa mtoi, nikila maembe yake. Kubisha hodi kungenichukua dakika tano.

Aliniambia watoto wake hawakuwa wamechunga upande huo kwa wiki mbili, na yeye mwenyewe hakuwa analala. Mimi nilipoteza mkebe na penseli. Hivyo vitu havilingani.

Nilimwomba msamaha, akaupokea, lakini alisema kwake kitu kama hicho hakirudi. Ni haki yake. Mkebe mpya uko kwetu, kati ya mizizi ya mti nyuma ya zizi, mjomba ndiye mlezi, na ukurasa wa kwanza wa daftari una jina lake kwa herufi kubwa. Jirani tunasalimiana vizuri. Ila kila nikiingia ushago na begi, naona macho yake yakishuka kwanza kwa mikono yangu, kuangalia nimebeba nini.